Kopo

Ilitokea upande wa Igurusi, njano kama dumu la mafuta,
imebeba dawa ya kweleakwelea.
Sisi wa makopo na makombeo tulishushwa madunguni:
leo, walisema, mtapumzika.

Ikapita mara mbili, chini hata nikaziona ribiti za bawa.
Mara ya tatu ikakohoa.
Aliyewahi kusikia mashine ya kukoboa ikiishiwa dizeli
anaijua sauti ile:
kelele inayotafuta pa kukaa.

Kisha kimya.
Pangaboi likawa linahesabika.
Na ndege wote wa Usangu, juu ya mpunga wangu,
wakanyamaza nao.

Dawa akaimwaga kwenye mbuga tupu.
Akachagua jaruba langu. Sikumlaumu,
hapakuwa na jingine refu.
Magurudumu yakakata tuta la kwanza, la pili;
la tatu likakataa.
Pua topeni, mkia juu,
kama bata anayetafuta kitu alichoangusha.

Rubani Ngailo akatoka na kiatu kimoja.
Hakusema amepona. Alisema, "Mama, mpunga wako."
"Bado wiki mbili," nikamwambia.
Akaanza kupima kwa hatua alichokilaza,
ishirini, thelathini,
hadi miguu ikamwishia, akaketi tutani.
Mikono haikutulia.

Kwelea wakarudi. Wingu lilelile.
Watu wa kampuni walikuwa bado Ubaruku, wanatafuta gari.
Nikampa kopo na kijiti.

"Piga, baba.
Mikono inayotetemeka ndiyo inayopiga vizuri."