Bahasha Namba 118

Mzee wa kanisa, Kashindye, alikuja na daftari
kabla jeneza halijatoka ndani,
akaketi kwenye kigoda cha marehemu bila kujua ni chake,
akalowesha kidole, akafunua.
Tukatazamana. Kwetu Usoke
hata maiti husomewa hesabu yake.

Namba 117: Damari Kalekwa Mhoja.
Hana deni.

Tulijua. Nani asingejua?
Mwanamke aliyekimbizana na treni ya Kigoma,
beseni la michembe kichwani,
asali ndani ya chupa za konyagi
ambayo ulimi wake haukuwahi kuionja,
akipokea noti dirishani, behewa limeshaanza kusogea,
na chenji akiirusha ndani, haki ya mtu,
imwangukie yeyote mapajani.
Jioni alipanga sarafu juu ya mkeka:
hii ya chumvi, hii ya mafuta ya taa,
na hii, akaifuta kwanza kwa kanga, ya Bwana.

Alisali kama mtu anayeagiza dukani.
"Baba, mvua, lakini si ya mawe.
Goti la kushoto; la kulia nalivumilia.
Na yule, Wewe unamjua, sina haja ya kumtaja."
Mimi kitandani, macho nimeyafumba kwa hila,
nilidhani yule ni mimi.

Hakuwa malaika, msinidanganye kwa wasifu wenu.
Alimnunia mke wa mchungaji mwaka mzima
kwa sababu ya sufuria.
Alinichapa kwa mwiko wa mlenda, utelezi ukabaki shingoni,
kisha akanipa ukoko.
Alfajiri ya Pasaka alituburura makaburini,
umande hadi magotini, tarumbeta zikimtangulia jogoo,
akasimama miguuni pa babu, akasema
kwa sauti ile ile ya kuamshia watoto wa shule,
"Amka basi, Mhoja, wenzako wanaamka."
Akangoja kidogo. Kweli akangoja.
Ndipo tukarudi kunywa chai.

Mzee Kashindye hakufunga daftari.
Akalowesha kidole tena.

Namba 118: Elia Mhoja.
Hana deni.

Inzi alisikika.
Elia ni baba yangu.
Alipanda treni nikiwa na meno mawili,
akasema Geita, dhahabu, miezi sita.
Huu ni mwaka wa ishirini na tatu.
Hakuna barua, hakuna simu, hakuna kaburi.
Majirani walishamwita marehemu,
shangazi walishagawana koti lake na baiskeli.
Na daftari linasema: Januari, ametoa. Februari, ametoa.
Mwaka wa njaa, ametoa, mahindi nusu debe.
Miandiko ya wahazini watano,
na pembeni, kila mwaka, neno moja: hai.

"Alileta bahasha mbili," mzee akasema, akitazama viatu vyake.
"Siku moja nilimuuliza. Akanijibu,
asiyelipiwa hufutwa. Mimi sijamfuta."

Tulimzika saa tisa, jua la kuchoma tumbaku.
Tarumbeta moja ilikosea, ikaachwa ikosee.
Nilitupa udongo wangu, na nusu ya pili
nikautupa kwa niaba,
nikajisikia mjinga, nikafuta mkono kwenye suruali.

Mimi si mtu wa kanisa.
Nauza vipuri vya pikipiki Tabora mjini,
Jumapili ndiyo siku yangu ya wateja.
Wakiniuliza baba, nasema hayupo,
neno pana, kila mtu huingia na maana yake.
Lakini tarehe mosi, duka halijafunguliwa,
nilituma fedha kwa simu kwenda Usoke.
Mzee akapiga hapo hapo.
"Kijana, hii ya nani? Mia na kumi na saba tumeifunga."
Nikamwambia.

Akanyamaza.
Nikasikia karatasi,
nikasikia, naapa, kidole kikilowa,
halafu kalamu.