Mia na Saba Nukta Tisa

Saa tisa alasiri, juu ya paa, Tandika,
nimeikuta antena imefungwa kwa mpira wa baiskeli
kwenye mti wa kuanikia nguo.
Kanga mbili, shuka la mtoto,
na waya mweusi unaoshuka dirishani
kama mchirizi wa maji ya bati.

Kipimo changu hakijui haya:
mia na saba nukta tisa,
na inatambaa, inapanda,
inaingia kwenye masafa ya ndege.
Jana rubani aliyekuwa akiishukia Kipawa
aliomba njia,
akajibiwa kwamba mazishi ni saa kumi, Chang'ombe.
Akaomba tena.
Akapewa bei ya nyanya.

Hodi.
Amefungua Siwatu Ndimbo, mikono ina unga.
"Nilijua mtakuja. Nilidhani mtakuja wengi."
Mtambo uko juu ya cherehani,
kipaza sauti kimevalishwa soksi.
Alikuwa katikati ya tangazo:
mtoto amepotea, miaka mitano, anaitwa Hanzuruni,
kavaa fulana ya njano.

Leseni?

Amenipa bahasha.
Hati ya usajili. Stakabadhi ya ada ya maombi.
Muhuri wa serikali ya mtaa, umekaa upande.
Ramani ya eneo, ya kalamu ya risasi,
na kila bomba la maji limetiwa nukta.
Barua tatu: ombi lako linashughulikiwa.
Ombi lako linashughulikiwa.
Ombi lako.
Ya tatu ina saini yangu.

Nikamweleza habari za dijitali.
Mnara mmoja, nikasema, utabeba redio kumi na nane
kama nyumba ya kupangisha:
mwenye nyumba na leseni yake ya mitambo,
mpangaji na leseni yake ya maudhui,
na ukuta baina yao ni hesabu tupu,
hakuna atakayesikia mwenzake akikohoa.
"Kodi ya chumba?"
Nikaitaja.
Akafuta unga mikononi, taratibu, kidole kwa kidole.
"Na redio za kunasa hiyo dijitali,
hapa mtaani anayo nani?"

Masafa ni mali ya umma, nikasema,
kama nilivyofundishwa kusema.
"Umma," akasema, "ndio hao
wanaonipigia kuuliza maji yanatoka lini."

Nimezima mimi mwenyewe.
Swichi ilikuwa ya feni.
Uchochoroni redio zote zikaanza kukwaruza kwa pamoja,
mlango hadi mlango,
na mtu akapaza sauti: We Siwatu, mbona umekata?

Nimefunga mtambo kwa utepe, nimegonga lakiri.
Fomu inauliza: kulikuwa na upinzani?
Nimeandika: hapana.
Fomu inauliza: maelezo mengine?
Pana mistari miwili tu.
Ndege imepita juu, magurudumu nje,
imepata njia yake bila bei ya kitu chochote.

Garini nimefungua mia na saba nukta tisa.
Ukimya wake ni safi, haumgusi jirani,
umetimiza masharti yote.
Faili lake lipo mezani kwangu,
la nne kutoka chini.
Nimeendesha polepole hadi sokoni,
kioo nimekishusha,
natafuta fulana ya njano.

Zilikuwa nyingi.
Leo Yanga wanacheza.