Tazama Pia

Saa nane na robo usiku, Mestia.
Theluji imefunga barabara ya Zugdidi tangu Jumanne,
na umeme ulipopepesa jicho mara mbili
mtandao wa hospitali ukazima, haukuaga.

Daktari Tsiuri amesimama mlangoni, koti begani.
Ana picha ya nyonga ya mzee Gigla,
aliyeteleza akikwangua theluji juu ya paa.
Wa kuisoma yuko Kutaisi, yu macho, anaingoja.
"Dakika ngapi?"
Nasema kumi. Sijui nimezitoa wapi.

Mazoea yangu ni kuuliza mtandaoni:
natupa swali, narudishiwa majibu mia,
naokota lile fupi kuliko uvivu wangu.
Leo dawa ya mtandao imefungiwa mtandaoni.
Kinyozi hajinyoi.

Naandika amri niliyofundishwa chuoni.
Kioo kinajibu: haipo.
Namkumbuka Murzakan, niliyerithi kiti chake,
akisema amri hiyo imestaafu kabla yake,
siku hizi kazi yake inafanywa na herufi mbili tu.
Herufi zipi? Nilikuwa nakula. Sikusikiliza.

Basi naiuliza mashine yenyewe:
man, kistari, k, na neno la njia.
Hakuna kinachofaa, inasema,
kwa sauti ya karani wa zamani
asiyeinua hata kichwa.

Nashuka ghalani, /usr/share/doc,
folda juu ya folda, mafaili yamekandamizwa
kama nguo za msimu uliopita.
Nafungua moja: makosa yaliyosahihishwa zamani,
na shukrani kwa mtu aitwaye Olle
aliyegundua nukta iliyokosekana.
Ahsante, Olle. Sicho ninachotafuta.

Dakika kumi zimekwisha. Tsiuri haulizi tena,
na huko kutouliza ndiko kunakoniunguza.

Nafungua kabati la seva nikague kebo,
na ndani ya mlango wake, kwa penseli,
chini ya simu ya muuza dizeli,
mwandiko wa Murzakan, umeinama kama mwenyewe:
*mandb kwanza. Faharasa haijijengi.*

Faharasa! Kumbe karani hakuwa na kiburi,
hakuwahi kupewa daftari.
Naijenga. Nauliza tena lile lile neno,
na majina yanamwagika hadi yanapita juu ya kioo,
moja likiwa na herufi zile mbili: ip,
na pembeni nambari nane,
fungu la wenye funguo za mashine.
Saa nane, fungu la nane. Nacheka peke yangu.

Ukurasa wenyewe ni mkavu.
Mabano ndani ya mabano,
mwandishi amebana maneno kama anayeyalipia.
Nasoma aya ya kwanza mara tatu, nikitoka mtupu.
Kwa kukata tamaa nabonyeza hadi mwisho kabisa,
na huko chini, baada ya yote, ipo mifano,
mistari michache, inasema na mimi kama mtu.

Naona sasa. Mashine yetu inawajua majirani wote,
maabara, famasi, hata printa ya mapokezi,
ila imesahau mlango wa kutokea nje.
Naandika mstari mmoja: lango ni hili.
Nabonyeza. Napiga ping Kutaisi.

Kimya.

Kisha mwangwi. Mwangwi. Mwangwi.

Dakika arobaini na moja, si kumi.
Picha inapanda taratibu, Tsiuri kainama juu ya bega langu,
ananuka sabuni na kahawa.
Kutaisi wanajibu: ni ufa, haijahama, msimsogeze.
Anaondoka mbio, amesahau koti.

Nami nabaki nikisoma, ingawa hakuna anayenituma.
Mwisho wa kila ukurasa wameandika: tazama pia,
na majina ya kurasa nyingine,
nazo zina tazama pia zao.
Nafuata tatu, nne. Ya tano inanirudisha nilikoanzia.

Kabla sijafunga kabati naokota penseli.
Chini ya maneno ya Murzakan kuna nafasi ya kidole.
Naandika: *anzia chini, kwenye mifano.*