Hulia Gaeni

Mimi ni muuza ndoo. Nianze hapo, nisije nikasifiwa bure.
Kila Jumamosi, mnadani Kitangari, nazipanga kwa rangi:
buluu, nyekundu, kijani, kila moja na mfuniko wake.
Mtungi wa mwisho kupandisha maji kutoka bondeni
nadhani niliuua mimi,
kwa shilingi elfu tatu na mia tano.

Gae nililipata nikichimba msingi wa choo.
Pana kama kiganja, jeusi ndani, jekundu nje,
na shingoni mistari mitatu, nukta, mitatu tena,
kama chale za shavuni.
"Kazi ya Nandonde hii," mama akasema. "Bibi yako.
Tazama anavyomaliza mstari: anauinua,
kama mtu aliyeitwa kabla hajamaliza kusema."
Nikaliosha. Nikaliweka kabatini, pamoja na vikombe vya wageni.

Aliyebaki anajua ni Somoe Mchopa,
na mikono inamtetemeka, chai humwagikia mapajani.
Tulimwendea wanne: mimi, Esha wa mashine ya kusaga,
Tabia, na mwanawe mgongoni
(tunamhesabu, maana ndiye aliyeuonja udongo kwanza).
Hakusema neno. Alishika donge,
na mtetemo ukakoma. Naapa.
Mikono ikatulia kama kuku aliyefunikiwa tenga.

Gunzi la kulainisha. Kokoto la mtoni la kung'arisha.
Chungu hakizunguki, kimekaa;
anayezunguka ni wewe,
kiuno kimepinda, kinyumenyume,
mpaka hujui tena mlango wa nyumba uko upande gani.

Vya kwanza vilikuwa kumi na viwili.
Kuni ghali, Esha akaleta maganda ya korosho.
Moshi wenye mafuta, mweusi, mkali; macho yakatiririka,
na humo ndani pa, pa, pa, kama bisi.
Kumi na viwili vyote.
"Mfinyanzi hulia gaeni," akasema Esha, akijifuta kwa ncha ya kanga,
na methali niliyoijua tangu darasa la tatu
ikapasuka nayo ikawa mbili:
ya kula, na ya machozi.

Somoe alicheka hadi akakohoa.
"Udongo mtupu unaogopa moto.
Utieni kitu kilichokwisha ungua, kiushike mkono.
Si hivi vyenu, vimekufa vibichi. Leteni cha zamani."

Tukapita nyumba kwa nyumba kuomba vigae.
Kila ua, ndoo. Kila kizingiti, ndoo.
Zangu.

Usiku ule nilitoa gae kabatini,
nikapitisha kidole kwenye ule mstari mara ngapi sijui,
mpaka pale unapoinuka.
Asubuhi mama hakuniuliza. Aliniletea mchi.

Halilii kama jiwe likitwangwa. Linalia kama
mtu anayetafuna kitu kikavu gizani, taratibu,
asitake kuamsha watoto.
Likatoka unga mwekundu, ukanijaa kiganja,
nikauchekecha, nikaukanda.
Ulitosha chungu kimoja.

Tulikichoma kwa magome na mabua.
Kilitoka na baka jeusi tumboni, mdomo umekwenda upande.
Somoe akakigonga kwa ukucha, kikaitika.
"Kitaishi," akasema. "Siku kikivunjika, usitupe."
Mistari niliichora kwa kumbukumbu.
Wa bibi ulikuwa unapanda mwishoni.
Wangu umeshuka. Nimeuacha hivyo.

Ndoo bado nauza; ada ya shule haina subira.
Ila nyuma ya zile za kijani, juu ya kata ya majani,
chungu kinatoa jasho, na ninayemwuzia namnywesha.
Juzi fundi baiskeli mmoja alilipa ndoo yake, akanywa, akasimama,
akauliza kama kile nacho kina mfuniko.
Nikamwambia hakina.
Akanyoosha kikombe tena.