Miguu ya Kabati

Nilimwonyesha fundi Wekhomba picha kwenye simu:
kabati refu la kulala chini,
milango ya kusukuma, mbao bila nakshi,
na miguu minne iliyochongoka, imetanuka
kama ya ndama aliyezaliwa asubuhi.
Akafuta miwani kwa ncha ya koti.
"Na hii ndiyo unaiita ya kisasa?"

Wiki hiyo, Milimani, tulikuwa tumeng'oa zulia la maua
lililokula vumbi la miaka thelathini.
Chini yake terazo: vijiwe vyeupe, vyekundu, rangi ya maini,
vikang'aa kwa sabuni ya mche na magoti yangu.
Odindo alitaka dari la jipsamu lenye taa za buluu.
Nikamwambia, dirisha hili pana linatosha,
ziwa liko pale, halidai bili.

Fundi akanipeleka nyuma ya karakana, Kibuye.
Akafukuza kuku mmoja; wa pili akagoma.
Chini ya magunia na mavi makavu
kabati la babake, la mwaka sitini na tatu,
mvule mtupu, droo bado zateleza.
Mnunuzi alilirudisha, akataka makochi manene
yenye mikono ya mwanamieleka.

Sikupunguziwa bei. Hata shilingi.
Nililipiga msasa siku nne,
nikalipaka mafuta, likanywa, likataka tena.

Sasa limeegemea ukuta mweupe, tupu.
Mama mkwe akija hulizunguka na vitambaa vyake vya kufuma,
asipate ruhusa.

Droo ya kushoto, siku za mvua,
bado inanuka kuku kidogo.
Nimeiacha.