Gramu Kumi na Nane

Mtaa wetu unaitwa Mabawa, na hajawahi kuruka mtu hapa,
labda bati la Sekiete, mwaka ule wa kimbunga.
Ndiyo maana walicheka waliponikuta barazani
nachonga mlingoti wa mkonge kwa wembe:
mbavu ishirini na mbili, nyembamba kama kucha,
za ndege yenye bawa juu ya bawa.
Watoto wakaibatiza: Ndege ya Ghorofa.

Mjukuu wangu Mwahija ndiye mwenye ramani.
Mota aliipata kwa wapima viwanja, kwenye droni iliyokufa;
sevo mbili aliziagiza, zikakaa posta mwezi mzima.
Tuliivika karatasi nyekundu ya tiara
kwa gundi ya unga wa muhogo,
tukainyunyizia maji, ikajikaza ilipokauka
hata ukiigonga inaitika kama kigoma.
Mshipi wa kuvulia tukaukaza kimsalaba,
bawa la juu limshike mwenzake wa chini.

Ikabaki mizani.

Sasa, mizani nani anifundishe?
Miaka kumi na tisa, ushirika wa Muheza,
nilipima iliki za watu wa Amani.
Iliki nyepesi: kikapu hakimtoi mtu jasho,
ila robo kilo ni madaftari ya muhula.
Na kidole hiki, cha shahada,
kilijua kwake chini ya sahani,
kikiinua kidogo tu,
kidogo kama pumzi.

Ndege nayo hupimwa hivyo hivyo:
ncha mbili za vidole chini ya bawa la juu,
theluthi moja kutoka ukingo wa mbele,
unainua, unaangalia inainamia wapi.
Ikaketi mkia, kama kuku atagaye.
Tukasogeza betri mpaka ikagusa ukuta wa mota.
Bado.
Chubwi zilikuwa zimeisha, duka limefungwa,
na Mwahija ananitazama usoni, si mkononi.
"Imekaa sawa," nikasema.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu,
shamba la mkonge ulong'olewa, njia ya Pongwe.
Ikakimbia, ikaacha ardhi,
ikainua pua kama mtu aulizaye swali,
ikapanda, ikapanda,
ikasimama angani kungoja jibu,
kisha ikalalia bawa la kushoto.
Rafadha vipande vitatu. Bawa la chini, njiti.

Mwahija hakulia. Aliokota betri kwanza,
akaipapasa kama haijavimba.
Halafu akauliza, taratibu:
"Babu, vidole vyako vilikuwa wapi?"

Kuna mama mmoja, Mama Shemweta,
macho yake yalitoka kwenye mshale yakaja mkononi mwangu,
yakatulia hapo.
Akafunga pesa pembeni mwa kanga
akateremka ngazi za ghala.
Sijui kwa nini yeye, katika wote wale.

Wiki tatu za wembe na gundi.
Safari hii sikuishika:
tuliitundika kwa uzi kwenye mhimili wa mlango
na kudondosha risasi puani, kipande kwa kipande.
Kumi. Kumi na mbili. Mkia bado.
Kumi na nane, ikalala wima wa maji.
Nami nikazishindilia kwa nta, nikaziba.

Ikaondoka bila swali.
Ilivuta kushoto; Mwahija akairekebisha kwa dole gumba,
alama mbili, ikanyooka,
ikazunguka juu ya visiki vya mkonge
jua likipenya karatasi,
nami nikazihesabu mbavu zangu kutoka chini,
moja moja, ishirini na mbili.

"Shika, Babu! Shika nawe!"
Alininyooshea rimoti.
Mimi mikono nimeifumbata mgongoni.
"Rusha wewe," nikamwambia,
na ilipotua, ikadunda mara mbili, ikapinduka
magurudumu juu, nzima,
ndipo nilipogundua vidole vimekufa ganzi.