Herufi Moja

Mwaka ule wa anwani nilipewa kishikwambi,
kofia, na siku tatu
kuvipa majina vichochoro vya huko nyuma ya Sikonge.
Fomu ilitaka jina, herufi zisizidi ishirini.
Kwa nini linaitwa hivyo, hapakuwa na kisanduku.

Njia itokayo kwenye mabani ya tumbaku
huishia jiweni. Jiwe la kawaida, rangi ya tembo aliyeoga vumbi,
ila lina mashimo mawili, kama ya magoti,
na mshipa mweupe umelikata ubavuni.

"Tuamzigo," alisema Kalunde, nta hadi viwikoni.
"Mpagazi wa kike. Mgongoni mtoto, kichwani pembe.
Mwenye msafara akamwambia: viwili vimezidi, chagua.
Akapiga magoti hapo. Akatua."
Akaupapasa ule weupe kwa kiganja.
"Pembe yenyewe hii. Walijaribu kuing'oa, ikawashinda."

"Uongo mtupu," Mlekwa akadakia.
"Hayo mashimo ni ya mitungi ya babu zangu,
kila harusi wakitua hapo kupumzika."

"Babu zako wasingetua mtungi
ungali na kitu ndani."

Na mimi, jua utosini, betri asilimia kumi na moja,
nikabonyeza.

Kibao kilikuja Machi: bluu, nguzo ya chuma.
TUMAMZIGO.
Ile M ni yangu. Kidole kilikuwa na asali.

Mwaka jana nikarudi kuomba radhi.
Watoto wana kisa kamili tayari:
ukiweka kitu shimo la kushoto
kinawafikia waliokwenda;
la kulia ni la majibu.
Nilikuta hindi bichi, betri ya redio,
na karatasi ya daftari, mwandiko wa darasa la pili,
*Kwa Mama.*
Sikuendelea.

Nikamwambia Kalunde nitaandika wilayani, watafuta.
Alikuwa akikamua masega, hakuinua uso.
"Yule mtoto wa mgongoni alifika," alisema.
"Mimi ni wa kwake. Iache M yako."

Kisha akanitwika dumu la asali, lita tano,
nimpelekee dada yake, Tabora mjini, Ng'ambo,
nyuma ya mashine ya kusaga,
na nisitue njiani.